Kati ya Mnara na Usukani

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, lakini hawakusema kama fisi huyo alikuwa na baba kwenye njia moja na shangazi kwenye nyingine. Binti huyu alikuwa nao wote wawili, na kila mmoja alimvuta kwa upendo, ambao ndio uvutaji mbaya kuliko wote kwa sababu huwezi kuupigia kelele.

Nyumbani wadogo zake walimwita Bibi Foleni, na jina hilo alilipata kwa haki. Nyumba ilikuwa na bafu moja na watoto sita. Yeye kifungua mimba, tangu akiwa shule ya msingi, ndiye aliyepanga kila asubuhi nani anaingia, nani anasubiri mlangoni na taulo begani, na nani arudi kitandani kwanza maana amekuja kabla ya zamu yake. Aliyechelewa kutoka aligongewa. Aliyejifanya mgonjwa ili apite mbele aliulizwa maswali mpaka akapona.

Baba yake aliendesha lori la mafuta uwanja wa ndege. Miaka nenda miaka rudi alizijaza ndege matangi zikaondoka, yeye akabaki chini na harufu ya mafuta mikononi. Hakuwahi kupanda hata moja. Basi aliamua, bila kumuuliza mtu, kwamba binti yake atakuwa rubani, akawatangazia wapakia mizigo, mafundi, walinzi wa getini na kila mwenye masikio. Shangazi, dada yake baba tumbo moja, alikuwa mwongoza ndege, mmoja wa wale wanaokaa juu ya mnara nyuma ya vioo, wakiziambia ndege ipi itue, ipi ipae na ipi ingoje. Hakujaliwa mtoto, na alikuwa anakaribia kustaafu. Alitaka kiti chake kikaliwe na mtu wa damu yake. Yeye hakutangaza. Akija kulala kwao, aliamka mapema, akaegemea ukuta wa ukumbini na kumtazama binti akiwapanga wadogo zake, akiridhika kama mtu aliyeiona nguo ya saizi yake.

Chuo kilikuwa kimoja na kilimwita kwenye usaili wa kozi zote mbili. Tatizo ni kwamba usaili wote uliwekwa Jumatatu moja, saa ileile, katika vyumba viwili vinavyotazamana. Katibu wa chuo alipopigiwa simu aombwe wasogeze, hakusogeza kitu.

"Dada yangu," alisema, "hata mwenye makalio mawili hukalia kiti kimoja. Chagua."

Wiki moja kabla ya Jumatatu hiyo binti alikuwa amepandishwa ndege. Baba alimwomba kapteni mmoja wa ndege ndogo za vifurushi, ambaye siku za mapumziko hufundisha urubani, amchukue mzunguko mmoja. Kapteni alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kuimba kwa sauti ya puani injini ikinguruma. Walipofika juu alimwachia usukani. Binti aliushika, ndege ikainama kidogo, akainyoosha, akaiinamisha tena kwa makusudi. Alipenda, na wala hakuna haja ya kuzungukazunguka katika hilo. Moyo ulimpaa kabla magurudumu hayajaacha lami, na aliposhuka alicheka peke yake mpaka chooni. Baba aliona uso ule akajua kazi imekwisha.

Shangazi naye hakuwa wa kukubali kushindwa kwa kutokufika uwanjani. "Umeona kwake," alisema. "Jumanne uje uone kwangu."

Ile Jumanne ilikuwa ya jua, bila wingu. Ngazi za mnara zilizunguka mpaka magoti yakalalamika, kisha ukafunguliwa mlango mzito na kukawa kimya. Hicho ndicho kilichomshangaza kwanza, ule ukimya. Zulia lilimeza hatua. Watu walizungumza kwa sauti ya watu walio karibu na mtoto aliyelala. Kila ndege ilikuwa na kikaratasi chake ndani ya kishikio cha plastiki, vimepangwa kwenye ubao mbele ya mwongozaji, na kila ndege ilipotua kikaratasi chake kiliondolewa. Binti alisimama pembeni alipoelekezwa. Alimtazama shangazi yake akizungumza na ndege tatu na trekta moja la kukata nyasi bila kupandisha pumzi, akahisi fahari ambayo hakuitarajia. Shangazi wa nyumbani alikuwa mtu wa kupoteza miwani. Huyu hakupoteza kitu.

"Wewe si ulikuwa unaongoza bafu?" shangazi alimnong'oneza, macho yake yakiwa nje. "Ni kitu kilekile. Tofauti ni kwamba hawa hawawezi kusubiri mlangoni."

Zamu ilipokaribia kwisha akaja wa kupokea, mwanamume mrefu ambaye wenzake walimwita Taratibu. Hapo shangazi alimweleza binti desturi yao, na alieleza vizuri, kama mwalimu. Anayekabidhi zamu haondoki. Husema kila kitu kilichopo, mwenzake hukaa kitini, kisha yeye husimama nyuma yake kwa dakika chache, hana kazi nyingine ila kutazama, mpaka yale yote aliyoyaanza yeye yameisha. Makosa mengi huzaliwa pale mtu mmoja anapotoka na mwingine hajaingia sawasawa. "Hapa ndipo utamjua mwongozaji," alisema. "Si anavyokaa. Anavyoondoka."

Halafu akaondoka.

Sababu yake ilikuwa keki. Alikuwa ameamka alfajiri kuioka, akaipeleka kwenye chumba cha mapumziko, ghorofa ya chini ya chumba chao, akapanga na vikombe vizuri vilivyotoka kabatini kwake. Alitaka binti aone kwamba mnarani pia kuna maisha. Alimwambia Taratibu kuwa trekta linavuka njia ya kurukia na kwamba ndege ya vifurushi iko mbali bado, Taratibu akaitikia, naye akasimama nyuma ya kiti kwa muda wa kufunga mkoba. Kwa miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuondoka mapema hivyo. "Twende," alisema, "chai itapoa."

Katika chumba cha mapumziko kulikuwa na kipaza sauti kidogo ukutani, ili walio chini wasikie yanayoendelea juu. Shangazi alikuwa ameshaingiza kisu kwenye keki. Huko nje, kama ilivyojulikana baadaye, dereva wa trekta alikuwa ameshuka katikati ya njia kunasua tawi lililonasa kwenye visu vya mashine. Juu yao simu ya mezani ilikuwa imelia, Taratibu akaipokea, na alipoiweka chini trekta lilikuwa limeshatoka kichwani mwake ingawa halijatoka njiani. Akairuhusu ndege itue.

Kisha sauti ya yule kapteni mnene ikatoka ukutani, haina haraka wala hasira. "Mnara, kuna trekta njiani. Naghairi kutua, napanda."

Shangazi hakupiga ukelele. Aliacha kisu ndani ya keki, akapanda ngazi, na binti akabaki na vikombe viwili vinavyotoa mvuke. Ndege ilizunguka ikarudi ikatua salama. Hakuna aliyeguswa, hata nyasi. Lakini taratibu za mnara hazingoji mtu aguswe. Mkuu wa zamu aliwaondoa wote wawili kwenye viti, akakaa yeye mwenyewe, na walipokwisha kuhojiwa waliambiwa hawatashika redio tena mpaka wapimwe upya. Shangazi alichukua mkoba wake. Getini walipoachana alisema jambo moja tu: "Kosa ni langu. Trekta lilikuwa langu."

Habari ya uwanja wa ndege haihitaji mabawa. Jioni ileile baba alikuwa nayo. Hakufurahi, maana dada ni dada, ila kuna namna ya kusikitika inayokula vizuri, na alikula vizuri. "Mimi sisemi kitu," alisema, na akasema mpaka taa zikazimwa.

Kesho yake mchana binti alimfuata kapteni kwenye kantini ya wafanyakazi. Alimkuta peke yake mezani, anamenya chungwa kwa uangalifu mkubwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, rubani mwenzangu. Kaa."

"Jana ulijuaje kama kuna trekta?"

"Sikujua. Nililiona. Ndege ina kioo mbele."

"Na kama kungekuwa na ukungu?"

Kapteni aliweka chungwa chini. Hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto wa rafiki yake. "Ningesikia sauti inaniambia tua, ningetua."

"Bila kuuliza?"

"Mwanangu, ukiuliza kila mara hufiki popote. Wewe unaendesha, wao wanaona. Ni kuaminiana. Jana nimetua, usiku nikalala, na leo nimeruka tena, sauti ileile ya mnara inaniambia geuka kulia, nikageuka." Alimpa kipande cha chungwa. "Anayeshindwa hilo hafai huku juu, hata awe na mikono mizuri. Na wewe mikono unayo."

Binti alikula chungwa lake. Alijaribu kujiweka angani, ndani ya wingu, na sauti sikioni mwake, na kila alipojaribu aliiona keki. Aliona kisu, vikombe vizuri, mtu mwema anayempenda akishuka ngazi. Jambo hilo lilimuuma, kwa kuwa bado aliupenda ule usukani, na alijua ataupenda siku zote.

Siku zilizobaki hakusema kitu. Jumapili shangazi alikuja kula nao, na kabla hata ya kunawa mikono alimgeukia kaka yake. "Mwacheni akaruke," alisema. "Mimi nimeshaondoa mkono wangu. Nilitaka mtu wa kukaa pale, lakini sitaki akae kwa kunihurumia."

Baba akakohoa kwa furaha iliyovaa heshima. Mama akapakua. Wadogo walitazama sahani zao, kwa sababu walimjua dada yao, na alikuwa amenyoosha mgongo kama wakati wa bafu.

"Kesho naingia chumba cha usaili wa mnara," binti alisema.

Kijiko cha baba kilibaki njiani. "Sababu ya shangazi yako?"

"Ndiyo."

"Nimesema sitaki huruma," shangazi alisema.

"Si huruma, shangazi. Ni kwa sababu uliondoka." Alisema polepole, kwa adabu, lakini alisema. "Rubani lazima aamini kwamba kuna mtu amesimama. Mimi nilikuwa chini na wewe. Najua hakukuwa na mtu. Siwezi tena kukaa juu nikaamini. Bora nisimame mwenyewe."

Baba alikuwa ameshindwa na hakujua amkasirikie nani, maana mshindi hakuonekana kushinda. Shangazi aliitazama meza. Jibu alilolisubiri tangu mtoto huyu akigonga mlango wa bafu lilikuwa limekuja, na lilibeba kosa lake mwenyewe.

"Kabla ya Jumanne," aliuliza, "ungeniamini?"

"Kwa macho yaliyofumbwa."

"Na sasa?"

Mtoto aliyelelewa vizuri angepata la kusema hapo. Binti akatikisa kichwa.

Shangazi akavuta bakuli la maji, akanawa mikono yake kidole kimoja kimoja. "Basi njoo mnarani," alisema. "Pale tunahitaji mtu asiyetuamini."

Sauti yake ilikuwa ileile ya redioni, haikupanda wala kushuka. Binti alimhurumia sana, akampa taulo afute mikono.