Kura Kumi na Moja za Nyumba Kubwa

"Mnaruhusiwa kunipigia kura." Hivyo ndivyo Mtukufu alivyofunga hotuba yake ya kwanza ya kugombea ubunge, na watu wa sokoni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alishindwa vibaya. Mara ya pili hakusema kitu, alipunga mkono tu kutoka dirishani mwa gari, akashindwa vibaya zaidi.

Mkewe alikuwa mwoka mikate, na tangu utotoni alikuwa akiwaomba watu wanunue. Haikumwingia akilini kwamba neno moja linaweza kumkwama mtu mzima kooni. Lakini ufalme wa kina Mtukufu ulifutwa kabla hajazaliwa, na walichobaki nacho, ukiacha nyumba kubwa inayovuja wanamoishi shangazi zake, ni mwiko mmoja: mtu wa nyumba ile haombi. Hata chumvi mezani waliikodolea macho tu mpaka mtu aisogeze.

Chama kikasema mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Mke akamfungia mumewe jikoni.

"Omba chumvi."

"Chumvi iko mbali."

"Hiyo ni taarifa ya habari, mume wangu. Omba."

Ilichukua wiki mbili na mayai mengi yasiyo na chumvi. Siku alipotamka "naomba," jasho lilimtoka utadhani kabeba gunia. Mke alimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Basi, Mtukufu akanogewa. Mke alimwandikia orodha ya nyumba, naye akapiga hodi moja baada ya nyingine: kwa kinyozi, kwa fundi bomba, kwa mama aliyekuwa akimwogesha mtoto. Mshona viatu, aliyemcheka mara zote mbili, alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kumpa. Mke akaanza kuamini.

Siku ya kura Mtukufu alipanga foleni saa tatu nzima juani. Kesho yake matokeo yakabandikwa. Kashindwa kwa kura tisa.

Tisa! Mke alihesabu kichwani: kwenye foleni hakumwona shangazi hata mmoja. Akaenda mbio nyumba kubwa, mumewe nyuma yake. Shangazi wote kumi na mmoja walikuwa sebuleni, wamevaa mavazi ya heshima, vidole safi bila tone la wino.

"Hamkwenda kupiga kura? Mlikuwa mnangoja mletewe sanduku?"

"Tusingelikataa," akasema shangazi mkubwa. Kisha akamgeukia Mtukufu. "Tulisikia unapiga hodi nyumba zote, baba. Mpaka kwa kinyozi. Tukavaa kila siku, tukakungoja. Hukuja."

Mke akanywea. Orodha aliiandika yeye, na nyumba hii, ambamo kwa miaka kumi ameitwa "yule wa mikate," aliiruka kwa raha zake.

"Ninyi ni wa nyumbani, shangazi," Mtukufu akasema. "Nilijua mtanipa tu."

"Na si ninyi mliomfundisha asiombe?" mke akadakia.

"Ndiyo, ni sisi," akajibu shangazi mkubwa, na sauti yake ikapungua ukali. "Tumezeeka humu ndani, hakuna aliyewahi kutuomba kitu. Tulitaka kusikia neno hilo linavyosikika."

Ubunge ulikuwa umekwenda, wala usingerudi. Mtukufu alikaa kwenye zulia, chini kabisa, mahali ambapo mtu wa nyumba ile hakai.

"Naomba mnisamehe," akasema.

Shangazi wakatazamana. Yule mkubwa akajiweka sawa kitini.

"Rudia," akasema.