Nyota Ambazo Theoneste Hakuziona

Likizo ya Juni ilipoanza, Liliane, mwalimu wa jiografia kule Murongo, alikuja Rugu kumsalimia kaka yake Theoneste. Jioni, baada ya chakula, waliketi uani kando ya kahawa iliyoanikwa. Mwezi ulikuwa haujatoka. Costansia, mke wa Theoneste, alimwomba wifi yake amfundishe nyota.

"Tuanze kusini," Liliane alisema. "Tafuta nyota nne zilizokaa kama msalaba. Kushoto kwake kuna mbili kali, zinauelekea."

Costansia alipotea kidogo katika ule wingi wa nyota, kisha akapiga makofi. "Kumbe uko pale siku zote!"

"Sasa geuka mashariki. Yule ni nge. Kichwa juu, mkia umejikunja chini. Ile nyekundu ndiyo moyo wake."

"Nimemwona! Baba Vero, umemwona nge?"

"Nimemwona," Theoneste alijibu.

"Yuko wapi?"

Theoneste alinyoosha kidole. Kilielekea kwenye migomba.

Liliane alicheka, akidhani kaka yake anatania. Costansia hakucheka. Alikumbuka jinsi mumewe alivyokuwa akipapasa ukuta siku hizi kabla taa haijawashwa. Akamsogelea.

"Basi nionyeshe nyota yoyote tu."

"Kuna mawingu."

Hapakuwa na wingu hata moja.

Kabla Costansia hajasema neno, simu ya Theoneste ikaita. Alikuwa dereva wa bodaboda, na mteja alikuwa akimsubiri huko Bweranyange.

"Usiende," Costansia alimwambia.

"Barabara hii naijua tangu utotoni."

"Na watu wanaopita humo, nao unawajua?"

Theoneste aliinuka. Alivaa kofia yake, akawasha pikipiki. Alipotaka kuondoka, alihisi mkewe amekwisha kupanda nyuma.

"Shuka."

"Sishuki."

Wakaondoka. Taa ilimulika vumbi jekundu, lakini Costansia aliona kwamba mumewe haifuati taa. Alikata kona kwa mazoea tu, nyingine kabla hawajaifikia, majani ya kando yakamchapa miguu. Costansia alimshika kiunoni, akaikodolea macho njia.

Chini ya mteremko aliona kitu kikubwa cheusi. Lori la fuso lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, halina taa, wala hakuna aliyeweka matawi ya kuonya watu. Theoneste hakupunguza mwendo.

"Simama! Simama!"

Alishika breki, pikipiki ikateleza, wakaanguka wote wawili. Theoneste aliinuka kwa hasira.

"Unataka kutuua? Kuna nini?"

Costansia aliinuka naye. Alimshika mkono, akauweka kwenye bodi ya fuso. Theoneste aliipapasa mpaka mwisho, akarudi mpaka mwisho mwingine.

"Hili lilikuwa hapa?"

"Lipo hapa, Baba Vero. Mbele ya pua yako."

Theoneste aliketi vumbini. Baadaye alimpigia mteja, akamwambia atafute mwingine. Walirudi kwa miguu, yeye akisukuma pikipiki, Costansia akitangulia na kumwambia penye shimo.

Wiki iliyofuata walikwenda kwa daktari wa macho. Aliwaambia kwamba ugonjwa ule hauna dawa: huanza kwa kumnyima mtu kuona gizani, kisha taratibu hula uoni wa pembeni hata mchana. Theoneste aliuliza kama anaweza kuendelea na kazi. Daktari akatikisa kichwa.

"Umezaliwa nao," alisema. "Ugonjwa huu unatembea katika damu, mtoto huurithi kwa mzazi. Mna watoto?"

"Binti mmoja," Costansia alijibu.

"Mleteni."

Walimleta Vero akiwa na nguo za nyumbani, akilalamika kwamba haumwi popote. Daktari alimtia matone machoni, akamchunguza kwa muda mrefu kuliko alivyomchunguza baba yake. Kisha akamwambia mtoto akasubiri nje, na wazazi akawaomba wakae.