Mama yake Diwani Lumb

Glenda Oldroyd hakuwa mtu wa siasa. Kabla ya korona, ukimtajia halmashauri ya mji wetu, Skelby, angelalamika kuhusu mashimo ya barabarani na mapipa ya taka yasiyozolewa, kisha angekuinamisha kichwa kwenye beseni na mazungumzo yangeishia hapo. Alikuwa na saluni Mtaa wa Soko, kati ya duka la nyama na benki iliyofungwa. Mimi nilifanya kazi naye tangu binti yangu alipoanza shule. Yeye alikata na kupaka rangi. Mimi niliosha vichwa, nikafagia nywele na kuchemsha chai.

Baba yake, mzee Wilf, alikuwa mtu wa reli. Alipoanza kusahau, akawa anawasha jiko la gesi na kwenda zake matembezini, Glenda alimpeleka Larkbeck, nyumba ya wazee iliyo nyuma ya kanisa. Siku hiyo alilia ndani ya gari langu mpaka vioo vikaingia ukungu. Lakini Wilf alipapenda. Chumba chake kilikuwa cha chini, kinatazama bustani, na jirani yake alikuwa Hettie Lumb, bibi mwenye akili zake zote ila miguu ilikuwa imemgomea.

"Baba yako ananiposa kila asubuhi, mpenzi," Hettie alimwambia Glenda. "Namkubali. Ikifika saa ya chakula ameshasahau, basi na mimi napumzika."

Huyo Hettie ndiye mama yake Desmond Lumb, diwani wetu, mwenyekiti wa kamati ya halmashauri inayosimamia matunzo ya wazee. Larkbeck ilikuwa mali ya mtu binafsi, lakini halmashauri ndiyo iliyopeleka wazee wengi pale, na ndiyo iliyotuma wakaguzi kuangalia kama wanalishwa, wanaogeshwa na kutendewa kama watu. Desmond alipenda kusema hadharani kwamba yeye usingizi haumpati mpaka ajue kila mzee wa Skelby amelala salama. Tulimwamini. Mimi mwenyewe nilimpigia kura mara zote.

Ulipoingia ugonjwa, Larkbeck walifunga milango. Glenda akanunua kiti cha kukunja, akawa anakaa bustanini nje ya dirisha la baba yake, amejifunga skafu hadi puani. Dirisha lilifunguliwa upana wa kiganja. Wilf alimwita kwa jina la marehemu mkewe, akamuuliza mbona haingii ndani, baridi yote hiyo.

Kisha ambulensi zikaanza kuleta wazee kutoka hospitali. Hospitali ilitaka vitanda, halmashauri ikatafuta pa kuwaweka, na Larkbeck palikuwa na nafasi. Hakuna aliyewapima. Baada ya muda si mrefu Glenda aliona wahudumu wanapungua. Waliobaki walikuwa wamejifunga mifuko ya taka kifuani badala ya aproni, na wanakimbia. Siku moja akamkuta baba yake kitandani, midomo imekauka imepasuka, na sinia ya chakula iko kwenye meza ambayo mkono wake haufiki. Akagonga kioo mpaka vidole vikamuuma. Hakuja mtu. Akasogea dirisha la Hettie kumwomba apige kengele, akakuta chumba kitupu. Picha ukutani hazipo. Hata shuka hazipo.

Mimi naishi ng'ambo ya barabara kutoka kwake. Aliporudi, alisimama kwenye lango langu, mbali kama tulivyotakiwa, akampigia Desmond huku simu iko kwenye spika ili nisikie.

"Desmond, tuma watu Larkbeck. Leo hii. Baba yangu hana wa kumpa maji."

"Glenda, dada yangu, nakuelewa kabisa," alisema, kwa ile sauti yake ya msibani. "Ukaguzi wa kwenda wenyewe tumeusimamisha kwa sababu ya maambukizi, lakini tunazungumza na mameneja kwa simu. Larkbeck wako vizuri. Unadhani ningekaa kimya? Mimi mwenyewe nina mama pale."

"Chumba cha Hettie kitupu."

"Amehamishiwa upande wa pili. Kuna jua zaidi. Wewe subiri tu."

Glenda alikata simu, akanitazama. "Kama yeye ana mama yake mle," akasema, "basi labda mimi ndiye ninayechanganyikiwa." Akaenda kwake kusubiri, maana diwani alikuwa amemwambia asubiri.

Wilf alifariki Jumatatu ya Pasaka. Cheti kilisema korona. Glenda hakuruhusiwa kumwona wala kumvika sare yake ya reli. Kaburini tulisimama wachache, kila mtu peke yake kama mti, na kasisi akasoma haraka kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na jeneza jingine linangoja.

Mwezi wa saba serikali iliruhusu saluni zifunguliwe. Tulikuwa tumejaa wateja hata pa kupumulia hapakuwapo, lakini Rosalind Lumb, mke wa Desmond, akapiga simu akiomba tumfuate nyumbani, kwa kuwa hataki kukaa kwenye chumba kimoja na watu. Glenda alikubali. Mpaka siku hiyo hakuwa na neno na nyumba ile.

Desmond hakuwepo. Tukamketisha Rosalind jikoni, Glenda akaanza kumpaka dawa ya kung'arisha nywele na kuzikunja kwenye karatasi za foili, upande mmoja kwanza. Walikuwa wanazungumzia bei ya mabanda ya bustani. Nikasikia chuma kinagonga sakafu ya ukumbi, tok, tok, na mlango ukasukumwa. Hettie akaingia na kigari chake cha kutembelea, amevaa slipa za manyoya.

Uso wa Glenda ulifunguka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona anatabasamu tangu msiba. "Hettie. Wamekuruhusu kutoka?"

"Kutoka wapi, mpenzi? Mimi niko hapa tangu kabla ya Pasaka." Bibi alijishusha kitini taratibu. "Desmond alinifuata mwenyewe, na blanketi. Akasema, mama twende, hospitali imetuletea watu wanaokohoa na wahudumu wote wameanguka, huku mambo yameharibika. Hata meno yangu tulisahau, ikabidi arudi kuyachukua mlangoni. Baba yako hajambo? Desmond huniambia Wilf ananisalimu."

Rosalind alikuwa anatazama mikono yake.

"Baba alifariki, Hettie," Glenda akasema. "Jumatatu ya Pasaka."

Bibi akaanza kulia bila sauti, mabega tu yanatikisika, na Glenda akampangusa uso kwa taulo letu. Alimpangusa kwa upole kabisa. Halafu akavua glavu, akaanza kukusanya vitu vyake: brashi, bakuli, mkasi, vitana.

"Glenda," Rosalind akasema, "dawa bado iko kichwani. Na upande huu hujagusa."

"Bomba lile pale."

"Huwezi kuniacha hivi."

"Naweza. Noreen, chukua beseni."

Nilichukua beseni. Wiki ile Rosalind alionekana sokoni na kofia ya sufu katikati ya joto, na chini ya kofia upande mmoja wa kichwa njano kama yai na mwingine kijivu. Wanawake walicheka. Mimi nilicheka. Glenda hakucheka, alisema kichwa kinaota nywele tena, na yeye hakuwa na shida na Rosalind.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Nataka aulizwe mbele ya watu. Nataka nione anavyojibu."

Nilimwambia amwache bibi mzee nje ya jambo hili. Akasema jambo lenyewe ni bibi mzee.

Kamati ya Desmond ilikaa vuli ile, kwa mtandao, kila diwani ndani ya kijisanduku chake. Mwananchi anaruhusiwa kuuliza swali moja, na akijibiwa, la nyongeza moja. Glenda aliomba nafasi, akaandika kwamba atauliza kuhusu ukaguzi wa nyumba za wazee. Siku ya kikao aliweka kompyuta juu ya meza ya saluni, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mimi na wanawake wawili wenye rola kichwani tulisimama kando, nje ya picha.

Desmond alifungua kikao kwa kuwapongeza watumishi. Alisema halmashauri haikuondoa jicho lake hata siku moja. Kisha akasoma jina la Glenda kwa tabasamu la kumpa pole.

"Mheshimiwa mwenyekiti," Glenda akasema, "nilikupigia simu kabla ya Pasaka nikakwambia baba yangu hana wa kumpa maji. Ukanijibu Larkbeck wako vizuri, na kwamba mama yako mwenyewe yumo. Siku ile mama yako alikuwa wapi?"

Nilimwona akitafuta kitufe cha kuzima sauti. Akasema mambo ya familia za madiwani si mambo ya kamati, kwamba anaelewa uchungu wa Bi Oldroyd, na kwamba twende ajenda inayofuata.

"Nina swali la nyongeza," Glenda akasema. Sauti yake haikupanda. "Sitauliza ya familia yako, nitauliza ya yangu. Ulijua nini kuhusu Larkbeck siku uliyompakia mama yako kwenye gari, ambacho hukuniambia mimi nilipokupigia?"

Desmond alizima sauti. Picha akasahau kuizima. Skelby nzima ikamwangalia anavyofungua tai, anavyogeuka kumfokea mtu aliye nyuma ya mlango, anavyojifuta paji la uso kwa kiganja. Kijana wa ofisi ya halmashauri akaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo. Diwani mmoja wa chama chake mwenyewe, mama mnene ambaye sijawahi kumsikia akizungumza, akasema hakuna hitilafu yoyote, na yeye pia angependa kusikia jibu.

Jibu halikuja. Kabla ya Krismasi chama kilimwondoa kwenye uenyekiti, ila udiwani akabaki nao. Kwenye duka la nyama walianza kumhudumia mwisho. Mtu akimpita njiani anamuuliza, "Mama hajambo, Desmond? Ana jua la kutosha?" Glenda akisimuliwa mambo hayo alikuwa anaomba yarudiwe, maneno yale yale, na uso wa Desmond ulivyokuwa.

Kisha Hettie akapiga simu saluni. Mimi ndiye niliyepokea, nikaweka spika kwa sababu Glenda alikuwa na rangi mikononi.

"Nilikuambia jikoni kwetu, mpenzi," bibi akasema. "Nilikuambia kama mtu wa nyumbani."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza kwanza."

"Ungekataa."

"Ningekataa. Ni mwanangu. Sasa hanitazami usoni. Ananiletea chai anaiweka mezani anaondoka. Aliniokoa, na mimi nimemmaliza."

Glenda alisimama na brashi mkononi, rangi inadondoka sakafuni. "Alikuokoa wewe, Hettie. Angenyanyua simu tu, ningemtoa baba yangu nimbebe mgongoni. Simu tu."

"Najua," bibi akasema. Akakata.

Nilidhani Glenda angeishia pale. Badala yake, mwezi wa tano, ulipofika uchaguzi, alisimama kugombea kiti cha Desmond, bila chama. Alitembea mlango kwa mlango na ile skafu yake. Hakuahidi kuziba shimo hata moja. Aliwaambia watu, "Mimi nitakwenda kuangalia kwa macho yangu." Waliokuwa na mtu Larkbeck, au kwenye nyumba nyingine za wazee, walimfungulia mlango na kuzungumza naye barazani muda mrefu.

Kura zilihesabiwa kwenye ukumbi wa michezo, madirisha yote wazi. Glenda alishinda vizuri. Desmond alikuja pale tuliposimama, amekonda, kola inampwaya shingoni, akanyoosha kiwiko kama tulivyosalimiana mwaka ule.

"Hongera," akasema. "Natumaini sasa umeridhika."

Glenda alikitazama kile kiwiko mpaka akakishusha mwenyewe. "Sema ulijua."

Watu wa karibu yetu walikuwa wamegeuka.

"Nilijua hali ilikuwa ngumu."

"Sema ulijua, Desmond."

"Nilijua," akasema, kwa sauti ya chini sana. "Ilikuwa mama yangu, Glenda. Nani asingefanya hivyo?"

"Kumtoa, hata mimi ningemtoa. Nakuuliza kuhusu simu."

Desmond alichukua koti lake akatoka kwa mlango wa pembeni, na mkewe akamfuata akiwa ameinamisha kichwa.

Wakauza nyumba kiangazi kile. Wengine walisema wanahamia kwa ndugu yake Rosalind, karibu na bahari. Lori la mizigo lilipofika, Glenda alifunga saluni katikati ya asubuhi, akaenda kusimama kwenye njia ya miguu mkabala na lango lao. Nilimfuata kwa kuwa niliogopa atasema neno. Alitazama tu makabati yakitoka, kitanda kikitoka. Alikuwa amekasirika kuliko nilivyomwona siku ya kura.

"Anakwenda mahali ambapo hakuna anayemjua," akasema. "Atanunua nyama kama mtu yeyote."

Mwishowe Desmond akamtoa mama yake, amemshika kiunoni, akamketisha kiti cha mbele, akamfunga mkanda. Alifanya hivyo kwa uangalifu, akamvuta sketi isibanwe na mlango. Glenda akainua mkono kumpungia Hettie. Kioo kilikuwa kimeshushwa na sisi tulikuwa karibu kabisa. Bibi alitazama mbele, mikono juu ya mkoba wake, mpaka gari likaondoka.

Glenda alishusha mkono. Alikaa pale hadi lori nalo likakata kona, kisha akauliza saa. Nikamwambia. Akasema mchana ana kikao cha kamati, na kabla ya hapo anataka kupita Larkbeck, bila kuwaarifu, wakati wanapogawa chakula.

"Mteja wa saa sita je?"

"Mwoshe wewe," akasema, akaanza kutembea.