Baraza Lililomfuata Mzee Kaingu

Mzee Kaingu hakuwa na meno ya juu. Hakuwa na mke tangu mwaka wa themanini na nane, hakuwa na simu, hakuwa na goti la kulia la kutegemewa, na tangu Jumatatu moja ya Agosti 1994 hakuwa na baraza.

Baraza hilo la mawe na chokaa lilikuwa nje ya mlango wake, Mji wa Kale, likitosha watu watatu kukaa. Vibarua waliotumwa na ofisi moja ya mjini waliyang'oa mabaraza yote tisa ya kichochoro kile, wakayapakia kwenye lori. Walisema njia inapanuliwa ili magari yapite. Ilipanuka kwa kiasi cha gari moja dogo.

Daktari alikuwa amemwambia Mzee Kaingu atembee kila siku, la sivyo goti litakaza. Naye alikuwa akitembea. Alikwenda hadi baraza la Jamaldin, fundi wa kofia, akapumzika. Akaenda hadi baraza jingine, akapumzika. Mwisho akafika Biashara Street, akasoma kwa sauti maandishi ya leso, yaani kanga, zilizotundikwa madukani. Alijifunza kusoma ukubwani, skuli ya usiku, na hakupenda kuyapita maneno bila kuyasoma. Sasa, bila pa kukaa, aliishia kwa Jamaldin, akasimama hapo ameshika ukuta.

Ijumaa bintiye Dama alikuja kutoka Tudor, mtaa wa mbali kidogo.

"Baba, utahamia kwangu. Kuna chumba, kuna televisheni, kuna roshani ya kupunga upepo."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na lifti?"

"Baba, utashuka kwenda wapi?"

Mzee Kaingu alielewa kwamba ngazi zile angezipanda mara moja tu, na kuzishuka akiwa amebebwa.

"Nikija kwako kwa miguu yangu kabla ya mwezi kwisha?"

Dama alicheka. "Ukifika kwa miguu yako sitalitaja tena suala hili. Usipofika, tarehe mosi naja kukuchukua."

Jumatano asubuhi alifungua mlango akalikuta baraza. Lilikuwa na vumbi, na pembe moja imemeguka. Alilifuta kwa kitambaa, akalikalia, akanywa chai. Alipoinuka kwenda zake, baraza likamfuata. Lilisogeza pembe moja kisha nyingine, kama watu wanavyohamisha kabati, na alipochoka akalikuta nyuma ya magoti yake.

"Lako limerudi," alisema Jamaldin, uzi mdomoni.

"Limerudi."

"Langu bado. Labda lilipelekwa mbali zaidi."

Tatizo lilikuwa adabu. Baraza lile lilikuwa limesikiliza maamkizi kwa zaidi ya miaka mia, na halikukubali kupita mlango wa mtu bila salamu. Lilisimama mbele ya kila nyumba mpaka wenyewe wajuliwe hali, watoto waulizwe, wagonjwa waombewe afya. Siku ya kwanza, tangu saa mbili hadi adhuhuri, walipita milango kumi na mmoja. Mzee Kaingu alirudi nyumbani ulimi umechoka kuliko goti. Siku ya pili walipita ishirini. Akawa anaamka mapema, ananyoa ndevu na kuimba.

Siku ya tatu alifanya kosa. Alipita mlango wa Bi Nana akiwa amegeuza uso, kama alivyofanya kwa miaka sita, tangu Bi Nana aliposema mbele za watu kwamba pilau ya arubaini ya marehemu mkewe haikuiva. Baraza halikusogea. Alilisukuma. Alilibembeleza. Muuza maji na mkokoteni wake wakazunguka njia nyingine.

"Sabalkheri, Bi Nana," alisema hatimaye.

Dirisha likafunguka. "Sabalkheri, Kaingu. Ulimi umeuokota wapi leo?"

"Nakwenda Tudor."

"Kwa goti hilo?"

"Kwa hili hili."

"Na pilau ile haikuiva."

Mzee Kaingu aliliangalia baraza, nalo lilikuwa limetulia tuli. "Haikuiva," alisema. "U hali gani?"

"Sijatoka nje tangu wavunje. Ngoja nivae buibui."

Baraza la Bi Nana lilikuwa limerudi alfajiri, likasimama mlango wa nyuma kwa heshima ya wanawake. Kufikia wiki ya mwisho yalikuwa yamerudi matano, na wazee waliokuwa wakitembea walikuwa saba. Walibishana nani ana pumzi zaidi. Biashara Street wenye maduka walivuta vitambaa vyao ndani ili mabaraza yapite, na Mzee Kaingu akawasomea wenzake leso zote, upande wa kulia na wa kushoto.

Tarehe ishirini na tisa walitoka na jua, wakashika njia ya Tudor. Askari wa barabarani aliyasimamisha magari, akayapungia mabaraza yavuke moja moja. Bi Nana alitembea mbele, akimwambia kila dereva kwamba ana miaka sabini na minne na hajashika mkono wa mtu. Saa nane walikuwa chini ya nyumba ya Dama. Mzee Kaingu alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, kisha akagonga mlango mwenyewe.

Dama alimtazama babake, akamtazama Bi Nana, akayatazama mabaraza yaliyojipanga ngazini.

"Karibuni," alisema. "Lakini liingie moja tu. Sebule ni ndogo."

Hakulitaja tena suala la kuhama.

Baraza la Jamaldin lilifika siku iliyofuata. Lilikuwa limesagwa, likaja likiwa kokoto, zikajimwaga mlangoni pake. Jamaldin alijaribu kuzikalia. "Zinachoma," alisema, akaingia ndani. Baada ya wiki moja wanawe walimhamishia ghorofa ya tano.

Mzee Kaingu aliiandikia ofisi ile kuomba mabaraza yajengwe upya. Jibu lilikuja na mhuri: kwa kuwa wazee wa mtaa huo wameonekana wakitembea hadi Tudor, ofisi haioni haja ya mahali pa kukaa. Magari, kwa sasa matatu, yangeendelea kupita.

Aliisoma barua hiyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili baraza nalo lisikie. Kisha akalikalia, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka:

"Bwana Mkubwa, wazee mliotuona ni wale ambao mawe yao hayakusagwa. Jamaldin hamkumwona, na hamtamwona, kwa kuwa hana pa kupumzikia kati ya mlango wake na dunia. Naomba mumjengee baraza moja, ili arudi. Nitakuandikieni kila mwezi, na kila barua nitaipeleka posta kwa miguu yangu."

Akatia sahihi, majina yote matatu. Akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika, akaenda nayo posta, akamsalimu karani wa dirishani, akaitumbukiza sandukuni.