Vijiko Vitatu Kabla ya Kisu

Binti yangu alipokuwa na kilo mia moja na thelathini na nane, watu walimwita Bonge. Alipopunguzwa tumbo la chakula kwa upasuaji na kushuka hadi kilo themanini na moja, waliendelea kumwita Bonge, maana jina la utani halina kisu cha kulipunguza. Yeye mwenyewe alicheka nao. Kilichomnyima raha ni uvimbe uliochomoza kwenye kovu, juu kidogo ya kitovu, mwaka mmoja baadaye. Ulianza mdogo kama kidole gumba. Alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate, na pale hakuna anayemsubiri mwenzake amnyanyulie gunia la unga. Kila alipoinua gunia, uvimbe uliinuka naye, hadi ukawa kama ngumi ya mtu mzima.

Daktari wa upasuaji alitueleza bila kuzunguka. Ilikuwa ngiri. Misuli ya tumbo ilikuwa imeachana pale iliposhonwa, na utumbo ulichungulia nje kupitia upenyo huo. Angeurudisha ndani, angeziba upenyo, kisha angeweka wavu mwembamba ili mahali pale pasiachane tena.

"Lakini utumbo ukibanwa kabla ya siku ya upasuaji," alisema, "uvimbe ukawa mgumu na usirudi ndani, msisubiri kukuche. Mleteni."

Maandalizi yalichukua miezi miwili. Aliacha magunia, akapewa kazi ya kutia mikate kwenye mifuko. Alitibiwa kikohozi, kwa sababu anayekohoa hufumua mshono. Alikunywa maji mengi ili asijikamue chooni. Na alikula kama alivyokula tangu upasuaji wa kwanza: taratibu, kwa kijiko cha chai, akikoma kabla kibakuli cha kitoto hakijafika nusu.

Hapo ndipo paliponiuma. Nimezaa watoto wanne, na huyu ndiye kitindamimba. Nilimlea kwa kumlisha. Watoto wenzake walipomtania, nilimwongezea chakula. Baba yake alipofariki, nilimwongezea chakula. Alipoanza kula kama ndege, nilijiona kama mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila barua.

Karatasi ya hospitali ilisema asile wala asinywe chochote kuanzia saa sita usiku, isipokuwa funda moja la maji la kumezea dawa. Niliisoma mwenyewe hadi mwisho, na siwezi kusingizia kwamba sikuielewa. Lakini saa kumi na moja alfajiri nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, nami nilikuwa na supu ya kuku ndani ya chupa.

"Mama, wamesema nisile."

"Kula ni kula sahani. Hivi ni vijiko vitatu vya kulowesha koo. Mwili mtupu utastahimilije kisu?"

"Na wakiniuliza?"

"Watakuuliza kama umekula. Wewe hujala."

Alinitazama. Ana miaka thelathini na minne na anasimamia wanaume sita kwenye tanuri, wote wakimwogopa. Lakini kijiko kikiwa mkononi mwa mama, mtu mzima hurudi kuwa mtoto. Akafungua kinywa.

Hospitalini, muuguzi alimuuliza kama amekula au kunywa kitu. Binti yangu alinigeukia kwanza, kisha akajibu, "Hapana." Sauti ilikuwa yake, lakini uongo ulikuwa wangu.

Mdogo wangu, ambaye kwake ni mama mdogo, alikuwa ametusindikiza ili atuchangamshe. "Bonge," alisema alipomwona katika gauni la wagonjwa, "nguo hiyo imekukaa kama pazia la kuazima. Ukiingia humo ndani waambie washone na mdomo wangu, nimeshindwa kuufunga mwenyewe."

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka. Daktari wa usingizi alikuwa amefika na karatasi zake, akauliza swali lilelile, akapewa jibu lilelile. Kisha akamweleza kwa upole kwa nini anauliza tena. "Tukikulaza, koo nalo hulala. Kilichomo tumboni kikipanda, hakuna cha kukizuia kuingia kwenye mapafu. Mtu anaweza kufa hivyo, na mshono wake ukiwa mzuri kabisa."

Wakaanza kusukuma kitanda. Magurudumu yalikuwa yamefika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji niliposikia sauti yangu ikijaa ukumbi mzima.

"Simameni! Amekunywa supu. Nilimpa mimi."

Kila aliyekuwa kwenye benchi aligeuka. Daktari akarudi polepole.

"Kiasi gani?"

"Vijiko vitatu tu," nilisema. Nilitarajia atatabasamu.

"Mama, tumbo lake sasa ni dogo kama kikombe cha kahawa. Kwako wewe hivyo ni vijiko. Kwake yeye huo ni mlo."

Upasuaji ukaahirishwa kwa siku kumi na moja. Binti yangu alivaa nguo zake bila kuniomba nimfunge vifungo vya mgongoni. Tulipofika langoni ndipo aliposema.

"Palipofaa kunyamaza, ulisema nami nikafungua mdomo. Palipofaa kusema, ukaniacha nidanganye hadi mlangoni. Nitakaa kwa mama mdogo."

Sikumbembeleza. Ningembembeleza kwa kipi, nami najua kitu kimoja tu cha kubembelezea?

Siku ya sita mdogo wangu alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuanza na mzaha. Uvimbe ulikuwa umekuwa mgumu kama jiwe na binti yangu alikuwa akitapika. Walikuwa ndani ya teksi. Nilisimama katikati ya chumba na kiatu kimoja mguuni, nikijua kwamba utumbo ule ungekuwa umeshafungiwa ndani salama laiti mimi ningemwaga supu yangu. Kabla hawajafika hospitali, akiwa amelala chali na magoti ameyakunja, uvimbe ulilainika na kurudi wenyewe. Daktari alimpima, akamlaza wodini asubiri siku yake hukohuko. Binti yangu alituma neno nisije hadi atakapokuwa ametoka chumba cha upasuaji. Nilitii.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Nilimkuta amefungwa mkanda mpana tumboni, mrija mwembamba ukitoa maji mekundu kwenye chupa, mto mdogo wa kukumbatia akikohoa ukiwa kifuani pake. Hakuruhusiwa kula hadi utumbo uamke, na dalili ya kuamka ni upepo. Kila muuguzi aliyepita alimuuliza kama ameshautoa.

"Sijawahi kuona ukoo mzima ukikaa kikao kusubiri mtu ajambe," alisema mdogo wangu siku ya pili, na wodi nzima ikacheka.

"Mama mdogo, usinichekeshe, nitafumuka!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mdogo wangu alipokwenda kuchukua dawa, nilisogea hadi kwenye kiti. Binti yangu alikuwa akimtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa akila.

"Mama, nina njaa. Kuna maziwa ndani ya kabati hilo, ya mama mdogo."

"Hapana, mwanangu."

"Kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Machozi yalimlengalenga. "Siku ile sikukuomba, ukanipa. Leo nakuomba, unaninyima."

Kabati lilikuwa karibu kiasi cha kulifungua bila kuinuka, nami nikaikalia mikono yangu yote miwili kama mtoto aliyeadhibiwa. Muuguzi alipokuja kubadilisha dripu, aliuliza kama mgonjwa ameomba chakula.

"Nimeomba," binti yangu alisema, macho yakiwa juu kwenye dari. "Mama amekataa."

Sikujua kama ananishtaki au ananitolea ushahidi. Muuguzi aliandika kitu, akaenda zake. Muda si muda kohozi likampanda binti yangu kooni. Uso wake ukajaa hofu, akaupapasa mto, akaukosa, akaushika mkono wangu. Niliuokota mto uliokuwa umeanguka kando ya kitanda na kuuweka juu ya mkanda.

"Kandamiza," alisema. "Si hapo. Chini kidogo."

Nikakandamiza pale aliponionyesha, nisithubutu kuongeza nguvu zaidi ya alizoniomba.