Kopo Lililokataa Kutangulia

Hadithi hii ni kweli tupu, kuanzia boliti ya kwanza hadi ya mwisho. Msimulizi aliiona kwa macho yake mawili, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi wa matairi wa timu moja ya mbio za magari, enzi hizo akiitwa Pancha na kiuno chake bado kikikubali kuinama. Kama amesema uongo, ulimi wake ukauke kama tairi lililoachwa juani.

Timu ilikuwa ya familia moja, na familia yenyewe ilikuwa vita. Baba mtu alikuwa na magari mawili ya mbio. Kubwa lilikuwa jeusi, la daraja la juu, na likiwashwa vikombe vilicheza kabatini mtaa wa pili. Dogo lilikuwa la njano, la daraja la chini, na watu walilizomea wakiliita Kopo. Yote mawili yalikimbia uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja likitafuta kikombe cha daraja lake.

Jeusi liliendeshwa na mtoto wa kiume. Walimwita Kioo, kwa kuwa hakupita mbele ya kitu king'aacho bila kujitazama. Kopo lilikuwa mikononi mwa dada yake, Spana. Yeye ndiye aliyelifungua, akalifunga, akalala chini yake mpaka nguo zake zote zikawa na rangi moja, ya oili. Dereva wake alikuwa Teksi, mzee aliyebeba abiria miaka thelathini na bado aliweka mkono dirishani akikata kona.

Ndugu hawa walikuwa paka na panya. Miaka saba hawakusemeshana, tangu baba mtu alipompa Kioo gari jeusi ambalo Spana ndiye aliyeliunda. Hata wakisimama bega kwa bega, maneno yalipitia kwa Pancha.

"Pancha, mwambie huyo mwanamke aondoe kopo lake mlangoni."

"Pancha, mwambie huyo bwana mlango una mita nne. Kama hapiti, apunguze kichwa."

Pancha hakuwa na haja ya kusema kitu. Walikuwa wameshasikiana.

Asubuhi ya mbio za muda wa saa sita, baba mtu aliingia na uso wa mtu aliyelamba ndimu. "Kopo lisipoleta kikombe leo, kesho linauzwa. Nimechoka kulisha midomo miwili."

"Nani atanunua?" Kioo akauliza.

"Wa vyuma chakavu."

Spana hakuinua kichwa. Aliendelea kukaza boliti aliyokuwa ameshaikaza mara tatu.

Mbio zikaanza saa tano. Saa kumi na moja jioni ikikaribia kugonga, jeusi liliongoza uwanja mzima kwa mizunguko miwili, na Kopo liliongoza daraja la chini. Nyuma ya Kopo, kwa sekunde arobaini tu, alikuwepo mpinzani wao, gari la kijani lenye petroli tele. Kopo halikuwa nayo. Spana alipiga hesabu kwenye kiganja chake, akaipiga tena, jibu likawa lile lile: petroli inatosha mzunguko huu wa mwisho, haitoshi mwingine hata kwa dua.

Sasa, mbio hizi haziishi saa ikigonga. Zinaisha pale gari linaloongoza uwanja mzima linapovuka mstari baada ya saa kugonga. Likivuka kabla, hata kwa sekunde moja, wote wanazunguka tena. Na Kioo, kwa mwendo aliokuwa nao, angevuka sekunde nane kabla.

Spana alihitaji kaka yake apunguze mwendo kidogo tu. Angemwomba vipi? Akamgeukia Pancha, aliyeshika redio ya kuongea na jeusi, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwambie aongeze mwendo. Amalize mapema, tukalale."

Kioo alikuwa hajawahi kutii neno la dada yake tangu wakiwa wanagombania bafu. "Mwambie," akajibu, "nitakwenda kama bibi harusi."

Na kweli akapunguza. Saa ikagonga, jeusi bado liko nyuma ya mstari. Spana alianza kushusha pumzi, lakini haikufika chini. Jeusi lilikuwa limesimama hatua kumi kutoka kwenye mstari, likinguruma.

"Pancha, mwambie nimemshtukia," Kioo akasema. "Kumbe alitaka nichelewe. Basi nachelewa. Aseme mwenyewe kwa mdomo wake: kaka, tafadhali."

Teksi akafika na Kopo, akafunga breki nyuma yake. "Mama, nimpite?" akauliza redioni.

"Ukimpita utazunguka tena, na huna petroli. Kaa hapo hapo."

"Na wa kijani naye anakuja."

Gari la kijani likiwapita wote na kuvuka mstari kabla ya jeusi, lingezunguka mara moja zaidi, na kikombe kingekuwa chake. Baba mtu alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Gari la kijani likatokeza kwenye kona.

Hapo ndipo Spana alipochukua redio mkononi mwa Pancha. "Kaka yangu," akasema, "tafadhali." Machozi yakamtoka Kioo, akavuka mstari taratibu, Kopo likamfuata, ndugu wakakumbatiana uwanjani, na baba mtu akalia mpaka...

"Mpaka nini?"

Sauti ilitoka mlangoni mwa mgahawa ambamo hadithi hii ilikuwa ikisimuliwa. Alikuwa Spana mwenyewe, mvi kichwani, mfuko wa vipuri begani.

Wasikilizaji wakamgeukia msimulizi. Msimulizi akakigeukia kikombe chake cha chai.

"Sikuchukua redio yoyote mkononi mwake," Spana akawaambia. "Nilikuwa na ya kwangu, ya kuongea na Kopo. Nilimwambia Teksi, msukume. Akaweka pua ya Kopo kwenye bampa la jeusi, akamsukuma hatua zote kumi, jamaa amekanyaga breki na matusi yanamtoka. Yeye akavuka wa kwanza, Kopo la pili, wa kijani kachelewa. Bampa likabaki barabarani."

"Na kukumbatiana?" mmoja akauliza.

"Alikuja na jeki mkononi. Watu wanne walimshika. Kikombe nilichukua, Kopo halikuuzwa, na mpaka leo tukikutana msibani anasalimia ukuta."

"Nimetia chumvi kidogo tu," msimulizi akasema.

"Mzee, inuka," wakamjibu. "Sheria ya hapa unaijua: mwongo hutoa kiti na kulipia chai."

Akainuka, akampa Spana kiti chake, akaenda kaunta kuagiza chai ya watu wote, na maandazi, kwa fedha yake mwenyewe.