Mti Usio na Doa

Baba mdogo hakuwa mtu wa kuomba. Alizoea kutoa taarifa tu: kesho tunapogoa, Jumamosi tunachuma, wewe utasoma sayansi. Kwa hiyo siku alipofika maabara amevaa koti lake la kwendea misibani, amekumbatia kapu lililofunikwa kitambaa kibichi, binti wa marehemu kaka yake, mkemia wa pale, alijua kuna jambo. Alimvutia kiti. Mzee akakataa kukaa.

Ndani ya kapu mlikuwa na majani ya mtufaha, laini na safi, hayana hata alama.

Mkemia akamwelewa. Msimu ule madoa meusi yalikuwa yameyavamia mashamba yote ya matufaha. Ni ugonjwa wa ukungu: mvua ikizidi, majani hutoka vidoa vya rangi ya moshi, vidoa vikatanuka, majani yakajikunja na kupukutika, nayo matunda yakapasuka ngozi yangali madogo kama gololi. Baba mdogo alikuwa ameacha kupiga dawa tangu kifua kilipomharibikia na daktari akamwambia achague moja, bomba au pumzi. Akaapa kwamba dawa haitaingia tena shambani kwake. Sasa shamba zima lilikuwa likipukutisha majani, isipokuwa mti mmoja nyuma ya jiko, uliokuwa umenawiri kana kwamba habari za ukungu haujazisikia.

Mti huo ulipandwa na binti wa kwanza wa baba mdogo na mkewe, mama mdogo, alipokuwa darasa la tatu, kutokana na mche aliopewa shuleni. Hakuwahi kuuona ukizaa. Homa ilimchukua mwaka uliofuata. Mkemia, aliyelelewa nyumba ile ile na kulala naye kitanda kimoja, aliukumbuka mti huo ukiwa ni fimbo tu iliyofungwa kamba. Tangu msiba ule, baba mdogo aliuita "ule wa jikoni." Mama mdogo hakuutaja kabisa.

Baba mdogo alikuwa amekwisha kuamua. Alitaka akate vikonyo, vile vijiti vya ncha, vya mti wa jikoni, avibebeshe kwenye miche aliyokwisha kuiandaa, yaani avifunge kwenye mashina yake viungane na kuota, na shamba zima lizaliwe upya kutokana na mti huo mmoja. Kilichobaki ni mkemia kutia muhuri.

"Nataka uniambie una nini ndani," alisema. "Kwamba unacho, mimi najua. Wewe nitajie jina lake."

Jina mkemia alikuwa nalo mdomoni. Alimweleza habari za fenoli, zile kemikali ambazo mmea hujitengenezea wenyewe, zinazolifanya tunda bichi likaze ulimi na tufaha lililokatwa ligeuke rangi ya kutu. Ukungu ukijaribu kuingia, fenoli huuzuia. Mti wenye nyingi, alisema, aghalabu ndio unaosimama wenzake wanapolala. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaacha kapu mezani na kuondoka kama mtu aliyekwisha kupewa jibu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mkemia aliyatwanga majani kwenye kinu kidogo cha kauri, akayaloweka kwenye spiriti, akayachuja, kisha akatia tone la dawa inayogeuka buluu ikikutana na fenoli. Kadiri zinavyozidi, ndivyo buluu inavyokolea. Pembeni aliweka mirija ya majani ya miti mingine ya baba mdogo, ile iliyoliwa na madoa, aliyoagiza aletewe ili apate cha kulinganisha.

Alipogeuka kuitazama, mirija ya miti migonjwa ilikuwa buluu kama wino. Mrija wa mti wa jikoni ulikuwa na rangi ya maji yaliyosuuziwa nguo ya shule.

Akasoma vibandiko. Akavisoma tena kwa kidole. Mkuu wa maabara, mtu mpole mwenye mazoea ya kuinamisha kichwa kama anayesikiliza ukuta, alikuja akatazama na kusema neno moja tu: arudie. Akarudia. Buluu ikatoka vile vile. Mkuu akasema labda majani yalichumwa kivulini, au yalikuwa machanga mno, au mzee alichanganya. Mkemia akaenda shambani mwenyewe, akachuma kwa mkono wake, akarudi na vifuko vilivyoandikwa kwa wino usiofutika. Mti mzima wa afya ulikuwa na fenoli kidogo kuliko yote. Miti iliyokuwa taabani ilijaa tele.

Zikaanza siku ambazo hata chai aliinywa bila kujua kama ina sukari. Baba mdogo alipiga simu kuuliza kama jina limepatikana. Akamjibu kwamba bado anahakikisha. Akajaribu njia nyingine: akatandaza majani ya mti wa jikoni kwenye karatasi mbichi ndani ya sahani zenye vifuniko, akayanyunyizia mbegu za ukungu wenyewe, akangoja. Kama mti una kinga, mbegu zitaota kisha zikwame. Zile hazikukwama, kwa sababu hazikuota hata kidogo. Chini ya darubini zilionekana zimelala, kama zilizomwagwa juu ya sahani ya bati.

Kidogo akapata nguvu. Akajiambia kuna kitu kingine, si fenoli, kitu kipya pengine. Akarudia jaribio kwa majani mateke, machanga bado, ya ncha za matawi, yaliyokuwa yamechanua wiki ile ile. Juu ya hayo mbegu ziliota vizuri sana, na madoa yakatoka yakatanuka bila kuzuiwa na chochote.

Mti mmoja, majibu mawili. Alikaa mbele ya sahani zile hadi mkuu wa maabara akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Sielewi tu. Nikiangalia jani kubwa, mti huu hauingiliki. Nikiangalia jani dogo, hauna chochote."

Mkuu akainamisha kichwa chake, akafikiri, akakiri kwamba hata yeye haelewi. Hilo halikumsaidia, ila lilimpunguzia upweke.

Alhamisi akaamua kwenda kuukodolea macho mti wenyewe, pengine ungemwambia kitu. Hakuaga mtu. Alijua baba mdogo yuko kwenye mkutano wa wakulima, akapita mlango wa nyuma, akazunguka jiko.

Mama mdogo alikuwa chini ya mti, amejifunga mtandio puani, bomba la dawa mgongoni. Mkono mmoja ulipampu, mwingine ulipitisha mrija juu ya matawi taratibu, jani kwa jani, kama anayemwogesha mtoto. Wingu jeupe la dawa lilining'inia hewani.

Mkemia alisimama. Kila kitu kilichomsumbua kikajipanga chenyewe kichwani mwake, na hakufurahi. Majani makubwa yalikuwa yamepata dawa, ndiyo maana mbegu hazikuota. Majani mateke yalichanua baada ya dawa ya mwisho, ndiyo maana yaliliwa. Na fenoli zilikuwa chache kwa sababu mti haukuwahi kuguswa na adui. Ulikuwa haujawa na haja ya kuzitengeneza. Vipimo vyake vyote vilikuwa sahihi. Alikuwa amepima mti uliolindwa na mtu.

Mama mdogo alimwona, akafunga bomba, akashusha mtandio. Hakuonekana kushtuka.

"Yeye ndiye aliyeapa," alisema. "Mimi sikuapa."

Mkemia alimuuliza kama anajua mzee anataka kubebesha shamba zima kwa vikonyo vya mti huu. Alijua. Mbona basi hakusema? Alisema mumewe tangu msiba hajawahi kukaa na kuzungumza juu ya mtoto, hata mara moja, lakini mwaka huu amekuwa akija hapa asubuhi na kikombe chake, anaugusa mti, anausemesha. Amwambie nini? Kwamba hakuna muujiza, ni bomba tu?

"Na wewe utamwambia nini?" aliuliza.

Walikuwa bado wamesimama hivyo waliposikia geti. Mkutano ulikuwa umevunjika mapema. Mkemia alitegemea mama mdogo angekimbilia kuvua bomba, angalau alisukume nyuma ya pipa. Hakuvua. Alibaki nalo mgongoni, mikono ameikunja, hadi baba mdogo alipotokea kwenye pembe ya jiko.

Mzee aliliangalia bomba, akauangalia mti, akamwangalia mkewe. Mkemia alianza kueleza habari za majani mateke. Baba mdogo aliinua kiganja kumzuia.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha wewe," mkewe alisema.

Mzee alikaa kwenye kizingiti cha jiko, bila hata kuvua koti. Alikohoa kidogo kwa ile harufu. Kisha akasema, si kwa yeyote hasa, "Nilidhani ni yeye."

Mama mdogo akavua bomba, akaliweka chini, akaja akakaa kando yake. Mkemia hakujua aondoke au abaki, akaishia kuchuma majani ambayo hakuyahitaji. Nyuma yake aliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake alilisikia jina la yule binti likitamkwa kwenye ua ule, kwanza na mmoja, kisha na mwingine.

Baadaye mzee alimwita. Aliuliza katika mirija yake yote, ni upi uliokuwa na buluu iliyokolea zaidi. Mkemia akamwambia: ule mti wa karibu na mfereji, uliopoteza nusu ya majani yake. Lakini akamwonya asirukie jambo. Huenda una fenoli nyingi kwa sababu una nguvu, na huenda ni kwa sababu umeumizwa kuliko wenzake.

"Ni lipi kati ya hayo?"

"Sijui, baba. Kusema kweli sijui."

Alitegemea angekasirika. Mzee alichukua kisu chake, akaenda mferejini, akakata vikonyo. Akarudi akakata na vya mti wa jikoni pia. Alibebesha miche michache kwa vikonyo vya kila mti, mingine akaiacha ingoje.

Mvua zilizofuata, madoa yalitoka kwenye miche yote. Kwenye miche ya mfereji yalibaki madogo, mengine yakakauka yakiwa kama kichwa cha pini, na fenoli zikapanda haraka kuliko kwenye miche ya jikoni. Mkuu wa maabara alisema hiyo ni dalili njema. Mkemia alisema labda, kwa kuwa mvua yenyewe haikuwa kali, na akaomba msimu mwingine.

Mama mdogo hajaacha kupiga dawa mti wake. Siku ya dawa ikifika, baba mdogo humtekea maji, humsaidia kulipandisha bomba mgongoni, kisha huenda kusimama kule unakotokea upepo, mbali na dawa, akimngoja amalize.